Futi Thelathini

Nikishafunga duka, mashine ya fotokopi ikipoa
na wino ukininukia vidoleni,
namvuta mnyama wangu kutoka ndani ya kompyuta:
injini nne, tani mia mbili na sitini,
abiria mia tatu na mmoja waliolala
bila kujua kwamba rubani wao anaitwa Nsimire,
anauza karatasi Birere.

Usukani niliutoa mitumbani, springi yake moja imekufa,
huvuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani.
Pedali alinichongea Paluku, fundi wa chukudu,
mkaratusi mtupu, akazivisha mpira wa tairi.
Aliuliza, "Hii nayo inabeba nini?"
Nikamwambia, viazi havimo.
Akacheka, akanipunguzia dola mbili.

Hali ya hewa siichagui. Nachungulia dirishani.
Leo moshi wa mlima umeshuka
ukakutana na ukungu wa ziwa katikati ya mtaa wetu,
taa ya jirani imebaki doa la samli.
Basi naandika: kuona, mita mia mbili.
Kisha hata hizo nazipunguza.

Futi elfu tatu. Nje hakuna nje.
Mwili unaniambia tunainamia kulia;
mwili ni mwongo, haujawahi kupanda ndege.
Wakweli ni vijiti viwili kwenye saa,
kimoja cha kushoto na kulia, kimoja cha juu na chini.
Kazi yangu ni kuvikalisha msalaba
na nisisali.

Mia tano. Mia mbili.
Hapa ndipo mtu huamua:
umeziona taa, shuka;
hujaziona, panda tena, usione haya.
Sikufundishwa na mtu. Mteja mmoja alileta kitabu cha mwongozo,
kurasa mia na kumi, Kifaransa kitupu,
nimtolee kopi. Hakurudi kuzichukua.

Na kuna jambo simwambii yeyote.
Ramani iliyomo humu ni ya zamani.
Haijui lava.
Humo uwanja wa Goma bado ni mrefu,
kaskazini hakuna jiwe hata moja.
Kila nikitua, magurudumu yanagusa pale ambapo Baba,
Januari ya elfu mbili na mbili,
alisimama na ufagio wake wa kazi
akitazama moto ukitembea juu ya lami polepole
kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba.

Hamsini, inahesabu sauti ya mashine.
Arobaini.
Weupe, weupe,
halafu taa mbili, nne, mstari mzima,
kana kwamba mtu amekata uzi wa ushanga.
Thelathini. Nainua pua, taratibu, taratibu,

umeme unakatika.

Giza la Birere. Feni ya kompyuta inamalizia pumzi.
Mbwa wawili. Jenereta ya baa inajikohoza, inakataa.
Watu mia tatu na mmoja wamebaki wananing'inia
juu ya lami ambayo haipo.

Nyuma ya pazia Baba anajigeuza kitandani.
"Umetua?"
Huuliza hivyo kila usiku. Jana nilijibu ndiyo.
"Bado."
"Ulikuwa unaingilia upande gani?"
"Kaskazini, Baba."

Ananyamaza. Nasikia akivuta blanketi.
"Kule kuna mawe," anasema.
"Usishuke hapo. Yapitishe kwanza mawe,
ndipo uiweke chini."

Nimekaa gizani, miguu juu ya mkaratusi,
mkono mmoja umeushika usukani
usivute kushoto.